Mwaka wa Mwisho wa Lapwings

Mama Neema alinipigia simu Jumanne, saa saba mchana, nikiwa kazini. Ninafanya kazi katika ofisi ya nyumba za kaunsili, halmashauri ya mtaa, na saa hiyo foleni ya watu huwa imefika mlangoni, kwa hiyo kwa kawaida sipokei simu ya mtu yeyote. Lakini nilipoliona jina lake niliinuka nikatoka hadi ngazini, kwa sababu katika miaka ishirini na mitano hakuwahi kunipigia saa za kazi. "Zuhura," alisema, "Neema ametutoka asubuhi hii. Alilala tu, hakuamka." Sauti yake haikutetemeka. Ameuguza watu maisha yake yote, na habari ya namna hiyo ameshaitoa kwa wengi. Nilimwambia pole, nikarudia pole hiyo hiyo mpaka nikasikia aibu. Kisha akaniambia kwamba mchungaji anataka wasifu wa marehemu usomwe kanisani, na kwamba ile sehemu ya ujana wake, sehemu ya mchezo wa barafuni, ameamua niiandike mimi. "Mimi sikuwahi hata kuuona huo mchezo," alisema. "Wewe ulikuwepo. Andika kama ilivyokuwa." Nikamjibu, "Sawa, mama," na alipokata simu nikakaa pale pale kwenye ngazi, watu wakinipita wakidhani nimeteleza.

Habari za kwetu na jinsi nilivyofika London nitaziacha. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na sita, nikiishi Ilford kwa mama yangu mkubwa, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye watu tisa, na Kiingereza changu kilikuwa cha mtu anayeelewa kila kitu lakini akifungua mdomo darasa zima linageuka kumtazama. Neema alikaa dawati la mbele yangu. Mama yake alikuwa muuguzi kutoka Moshi, na nyumbani alimsemesha Neema kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa huku. Siku moja alinigeukia akaniuliza kama naogopa kupigwa na kitu. Nilisema hapana, nikiwa sijaelewa swali. Jumamosi iliyofuata, alfajiri, akanipeleka kwenye uwanja wa barafu.

Kwa asiyeujua mchezo huo, ni kama magongo ya kawaida, ila mnacheza juu ya barafu mkiwa na viatu vyenye chuma kama kisu chini yake, na badala ya mpira kuna kisahani cheusi cha raba, kizito, ambacho kikirushwa kwa nguvu kinakuja kama jiwe. Timu ya wasichana iliitwa Lapwings, jina la ndege fulani mwenye kishungi, na ilikuwa haina mlinda lango. Hakuna msichana aliyetaka kusimama pale arushiwe mawe. Mimi nilipovalishwa yale magodoro ya miguuni, na fulana ya kinga, na kofia ngumu yenye wavu wa chuma mbele ya uso, mtandio wangu ukiwa umebanwa vizuri ndani yake, niligundua jambo ambalo sikuwahi kulipata tangu nifike nchi hii: hakuna aliyeweza kuniona, na hakuna aliyenitaka niseme. Nilitakiwa kuzuia tu. Mama mkubwa alinikuta mlangoni na mfuko wa vifaa uliokuwa mkubwa kuliko mimi akaniuliza, "Wenda wapi na gunia hilo?" Nikamwambia ni michezo ya shule. Alinitazama kidogo, akasema nisirudi nimevunjika, akarudi kwenye chapati zake.

Uwanja wenyewe ulikuwa karakana ya zamani ya mabasi. Chini ya sakafu kulikuwa na mitambo ya kugandishia ambayo haikunyamaza hata dakika moja, mlio mzito ulioingia kwenye meno, na baada ya muda ulikuwa huusikii tena mpaka utoke nje ushangae ukimya. Paa lilivuja. Maji yaliyodondoka yaliganda pale pale yakawa vinundu juu ya barafu, na kila asubuhi kocha wetu, Dawn, mama mmoja dereva wa basi mwenye sauti ya kukwaruza, alizunguka na chuma akivikwangua. Hakuweza kuvimaliza vyote. Katika korido ya kuelekea chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na picha za timu za miaka yote iliyopita, na kadiri ulivyosogea ndivyo wasichana walivyopungua kwenye picha. Ya kwanza ilikuwa na ishirini na wawili, wamebanana mpaka wengine wamekatwa mabega. Ya mwisho, iliyopigwa Septemba ile, ilikuwa na kumi na mmoja, na mpiga picha alituambia tuachane kidogo ili tuonekane wengi. Oktoba mmoja wetu alihamia Leeds na wazazi wake. Tukabaki kumi, na kumi ndiyo ilikuwa idadi ya chini iliyoruhusiwa na ligi.

Ninapofikiria mwaka ule, kinachonijia kwanza ni furaha, na hilo linanisumbua hadi leo. Nilikuwa na furaha. Baada ya mazoezi ya Jumamosi tulikwenda kwa akina Neema, ghorofa ya nne, lifti mbovu, na jikoni tulikuta sufuria aliyoiacha mama yake kabla ya kwenda zamu ya usiku: makande yaliyoshikana, au ndizi na nyama, na kikaratasi juu ya mfuniko kilichosema pasheni vizuri, msile baridi. Mama yake alirudi saa mbili asubuhi, akatusalimia akiwa bado na sare, akauliza nani amefunga, mimi nikajibu kwamba sikufunga hata bao moja ila nimezuia kumi na tisa, akacheka, akaingia chumbani kwake kulala. Ukuta kati ya chumba chake na jikoni ulikuwa mwembamba. Tulikula tukimsikia anavyogeuka kitandani, na tulizungumza kwa kunong'ona, na kunong'ona kule kulifanya kila tulichosema kionekane siri.

Novemba Neema alianguka mara ya kwanza. Alikuwa anakuja kwa kasi, peke yake, hakuna aliyemgusa, kiatu kikakwama kwenye kinundu na akaenda chali, kisogo kikapiga barafu kwa sauti ambayo niliisikia hadi golini. Kofia ngumu alikuwa nayo. Alilala pale muda wa mtu kuhesabu hadi tano, kisha akainuka akicheka, akainua gongo kuonyesha yuko sawa. Dawn akamweka benchi dakika kumi. Kwenye basi aliniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia Jumamosi. Tulipopita soko akaniuliza tena. Karibu na kituo chetu akauliza mara ya tatu, na mimi nikadhani anafanya utani, nikamjibu Jumatano, na yeye akashtuka kweli kweli, akaanza kutafuta mkoba wake wa shule. Tulicheka mpaka watu wakageuka. Nimelirudia basi lile kichwani mwangu mara nyingi kuliko tukio lolote jingine maishani. Yeye alicheka kwa sababu mimi nilicheka.

Desemba nilisikia maneno ambayo sikukusudiwa kuyasikia. Nilikuwa ndani ya stoo nikivua magodoro, mlango haukufungwa, na Dawn alikuwa koridoni na meneja wa uwanja. Meneja alisema, "Mara mbili hamkutimiza idadi. Ya tatu, ligi inawafuta. Na wakiwafuta, mimi sina tena sababu ya kuwawekea saa za barafu, unajua wenye jengo wanasubiri nini." Dawn akasema, "Nina kumi." Meneja akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma, "Kumi ndiyo kumi, Dawn. Mmoja akipata mafua umekwisha." Nilikaa ndani ya ile stoo yenye harufu ya jasho na raba mpaka wakaondoka. Kama ningeishia hapo labda ningekuwa na machache ya kujibu. Lakini nilimwambia Neema. Nilimwambia siku ile ile, ghorofa ya juu ya basi, neno kwa neno, na nikaongeza yangu: kwamba yeye ndiye mfungaji, kwamba akikosekana yeye hatuna wa kumi na wala hatuna wa kutufungia, na kwamba timu ikifa mimi sijui nitakwenda wapi siku za Jumamosi.  "So I can't get sick," akasema. Mimi nikasema, "Ndiyo. Usiumwe."

Januari tulicheza ugenini, na msichana mmoja mkubwa alimbana Neema kwenye ukuta wa mbao unaozunguka uwanja, bega na kichwa kwa pamoja. Refa alimwadhibu yule msichana, mchezo ukaendelea, na Neema alimaliza mechi na kufunga bao moja. Baada ya siku ile mambo yalibadilika, polepole, na kila badiliko peke yake lilikuwa dogo. Alianza kuvaa miwani ya jua darasani, akamwambia mwalimu ni macho. Aliacha kusoma kwenye basi. Alikuwa mtu wa kelele, akawa anainamisha kichwa mlango ukigongwa. Barafuni bado alikuwa mwepesi, lakini akiwa na kisahani mbele ya lango alisita, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Mimi nilikuwa golini, na mlinda lango ndiye anayeuona uwanja wote. Niliona.

Kisha Jumamosi moja ya Februari. Tulikuwa jikoni kwao, mapazia yamefungwa kwa sababu mwanga ulimuumiza, makande kwenye sahani, chai kwenye vikombe. Mama yake alikuwa amerudi, amelala. Sare yake ilikuwa imetundikwa kwenye kitasa cha mlango, na ile saa ndogo wanayobandika wauguzi kifuani ilikuwa bado ipo. Neema alichota chumvi vijiko viwili akatia kwenye chai, akakoroga, akanywa. Alikunywa nusu kikombe. Nilisubiri ateme, hakutema. Nikamwambia, "Neema, umetia chumvi," akanitazama kama nimesema kwa lugha asiyoijua, kisha akainuka akakimbilia chooni na nikamsikia anatapika. Nilimfuata. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ukingo wa bafu, jicho moja amelifumba. Tulikuwa hatua nne kutoka kitanda cha mtu aliyefanya kazi wodi ya watu wenye majeraha ya kichwa. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Nilinyoosha mkono, ngumi imekunjwa, kuugonga ukuta wa chumba cha mama yake. Neema akanishika kifundo cha mkono. Akasema, kwa Kiswahili, yeye ambaye hakuwahi kunijibu kwa Kiswahili hata siku moja, "Usimwamshe."

"Lakini unatapika."

"Zimebaki mechi tatu. Tatu tu, Zu. Halafu nitamwambia mwenyewe. I swear."

Nikaushusha mkono. Nikimkumbuka yule msichana niliyekuwa, naona kwamba hakumfikiria Neema hata kidogo pale chooni. Alifikiria nyumba ya watu tisa, na Jumamosi bila mahali pa kwenda, na uso wake bila wavu. Nilisafisha choo kwa dawa, nikafungua kadirisha, nikamwaga ile chai. Tuliporudi mezani mlango ulifunguliwa na Mama Neema akatoka amejifunga kanga, macho mekundu ya usingizi. Alisema amesikia maji mengi. Alimwangalia mwanawe, akamwekea mkono kwenye paji la uso. "Homa huna," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Zuhura, mwenzio ana nini?"

"Mitihani tu, mama," nikasema. "Hakulala, alikuwa anasoma."

Aliniamini mara moja. Alisema vitabu havikimbii, akatuambia tule, akarudi kitandani, na baada ya dakika chache tukamsikia anakoroma.

Mechi ya kwanza kati ya zile tatu ilipita. Ya pili ilikuwa Jumapili ya Machi, saa nane mchana, nyumbani kwetu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na ndoo zilikuwa zimepangwa hadi kwenye viti vya watazamaji. Kabla hatujaingia uwanjani Dawn alinivuta pembeni. Nadhani alikuwa amemtazama Neema akipita koridoni, mkono mmoja ukutani. Aliniuliza taratibu, huku akijifanya ananikazia mikanda ya magodoro, "Rafiki yako. Yuko sawa?" Hakuniuliza kwa haraka, na alisubiri jibu. Mpaka leo naona kwamba kama ningenyamaza tu, kama ningetazama chini, angejua. Nilimtazama usoni kupitia ule wavu nikasema, "She's fine." Akanigonga kofia mara mbili, akaenda kuwapanga wenzangu.

Ilikuwa desturi kwamba kabla ya kipyenga Neema alikuja golini kugusa magodoro yangu na gongo lake, kushoto kisha kulia. Siku ile alikuja akagusa kushoto. Hakugusa kulia. Alisimama mbele yangu, na nilimwona macho, moja lilikuwa jeusi zaidi kuliko jingine, likiwa limefunguka sana. Akaniuliza, "Tunacheza upande gani?" Aliuliza kwa Kiswahili tena. Nikamwonyesha kwa gongo, upande wa pili, kule. Akashukuru. Alinishukuru, akageuka akaenda katikati.

Watu hudhani aligongwa vibaya. Hakugongwa vibaya. Msichana wa timu nyingine alimpita karibu, mabega yakagusana kidogo, na Neema akaanguka kwa magoti, akainuka, akateleza hatua mbili hivi bila gongo. Kisha akaanza kukaa, polepole, kama mtu anayejua kuna kiti nyuma yake. Akalala. Mchezo uliendelea sekunde kadhaa kabla refa hajaona. Mimi nilikuwa nimeshaondoka golini, na ni kinyume cha sheria, na waliendelea wakafunga bao kwenye lango tupu, na mtu mmoja jukwaani akapiga makofi, akaacha. Nilifika wa kwanza. Miguu yake ilikuwa inatikisika ndani ya viatu. Mlio wa mitambo chini ya barafu niliusikia tena siku ile, nikiwa nimepiga magoti, ukipanda kupitia mifupa yangu, na mashuka ya huduma ya kwanza yalipoletwa yalikuwa yamelowa kwa sababu kabati yalimowekwa lilikuwa chini ya mahali panapovuja.

Hospitali walimfungua kichwa jioni ile. Mama yake alifika kutoka nyumbani akiwa na viatu viwili visivyofanana. Daktari kijana alimuuliza, mbele yangu na Dawn, kama msichana aliwahi kugonga kichwa majuma ya karibuni, kama alikuwa na maumivu, kama alitapika. Mama Neema akasema hapana, hapana, hapana, mimi ni muuguzi, ningejua. Akanigeukia. "Zuhura, kulikuwa na kitu?" Nikasema, "Sijui, mama." Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na sikuwa tena na timu ya kuilinda. Mechi iliyofuata tulikuwa tisa. Ligi ikatufuta kwa barua moja fupi iliyobandikwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, na kabla ya kiangazi mitambo ikazimwa. Mahali pale sasa pana maghorofa yenye vibaraza vya vioo. Dawn alihojiwa na watu wa ligi, akasema alimuuliza mchezaji na akamuuliza rafiki yake. Hakunitaja jina. Alihama London mwaka huo huo, na sikumwona tena.

Neema aliishi. Alijifunza upya kutembea, kushika kijiko, kusema. Alijua nyimbo, alijua majina ya watu wa zamani, lakini ukitoka chumbani ukarudi alikusalimia upya kwa furaha ile ile. Kwa miaka ishirini na mitano nilikwenda kwao kila baada ya wiki mbili, kwanza peke yangu, baadaye na mume wangu, baadaye na watoto. Nilimlisha, nilimsuka, nilimtembeza hadi soko. Mama yake aliacha kazi ya wodini akabaki naye. Kila nikiondoka alinishika mikono yote miwili akawaambia wageni, "Huyu ndiye rafiki wa kweli. Wengine wote walikimbia." Nilishuka zile ngazi za ghorofa nne nikiwa na maneno hayo mgongoni, na kila mara nilijiambia mara ijayo.

Kwa hiyo niliandika. Usiku wa kwanza na wa pili niliandika habari njema: mabao, kasi yake, kicheko. Usiku wa tatu nikazichana nikaandika upya. Ijumaa nikaenda nayo msibani. Sebule ilijaa kina mama wakichambua mchele, wengine wakiimba chini chini, na Mama Neema akanipeleka jikoni akafunga mlango. Alivaa miwani akasema nisome. Nilimsomea basi la Novemba, na stoo, na Januari. Nilipofika kwenye chai ya chumvi alivua miwani. Niliendelea kusoma kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nilimaliza. Kina mama walibadilisha wimbo.

"Na mimi nilikuwa wapi?" aliuliza.

"Ulikuwa umelala, mama. Ulitoka zamu."

"Chumba hiki hiki cha nyuma ya ukuta?"

"Hicho hicho."

Alinyoosha mkono akauweka kwenye ukuta, kiganja kimefunguka, akauacha pale. "Ungegonga tu," akasema. "Ningewafokea wote wawili, mngelia siku moja." Nilianza kuomba radhi na akanizuia kwa mkono ule ule. Nilimwambia nitaandika nyingine, fupi, ya kanisani. Akasema, "Hapana. Soma hiyo. Yote."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Jumamosi niliisoma. Mimi mtu wa msikitini, nimesimama kwenye mimbari ya kanisa la kukodi, jeneza mbele yangu. Niliisoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya Lapwings wanne waliokuja, wanawake wa miaka arobaini na kitu niliowatambua kwa namna walivyotembea. Nilipofika kwenye maneno "nilijua, nikasema hajambo", mtu mmoja nyuma aliguna, na kuguna kule kukapita benchi kwa benchi. Tulipotoka makaburini, ukumbini, kila meza ilijaa isipokuwa yangu. Kina mama walionijua tangu msichana walinipita na sahani zao. Aliyekuja kukaa ni Kirsty, aliyekuwa kapteni wetu. Hakugusa chakula. Aliniambia kwamba siku ile ya mwisho, katika chumba cha kubadilishia nguo, Neema alikaa na kamba za viatu mikononi asijue afanye nini nazo. "Nilimfungia mimi," alisema. "Nilipiga magoti nikamfungia viatu vyote viwili. Nikamwambia haya, simama." Akaanza kulia bila sauti. "Na si mimi tu, Zu. Siku ile alimwita mwenzetu Hannah kwa jina la dada wa Hannah. Kila mmoja wetu alikuwa na kitu."

Sikumwona Mama Neema alipofika. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Kirsty na amesikia yote. Alivuta kiti akakaa kati yetu, akamuuliza Kirsty kwa Kiingereza chake cha wodini mlikuwa wangapi mle chumbani. Kirsty akasema kumi, pamoja naye. Akauliza mlikuwa na umri gani. Kirsty akasema mdogo kumi na minne, mkubwa kumi na saba. Mama Neema alirudia zile namba taratibu. Kisha akatuuliza, sisi wawili, kama mtu anayepokea zamu kutoka kwa wenzake: alitapika mara ngapi? Jicho lipi? Usingizi wake ulikuwaje? Alimaliza sentensi, au aliziacha katikati? Tulimjibu tulichokijua, na tusichokijua tukasema hatukijui. Wageni waliaga mmoja mmoja, akawapa mkono bila kuinuka, akarudi kwenye maswali. Ilituchukua mpaka vijana wakaanza kukunja meza. Mwishoni akasema, si kwetu hasa, "Watoto kumi, na mtu mzima hata mmoja hakumshika kidevu akamtazama macho." Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Lile jina la rafiki wa kweli hajanipa tena. Wiki mbili baada ya mazishi, Jumamosi, nilipanda zile ngazi kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda siku hiyo, nikabisha. Nilisikia nyayo zake zikija, zikasimama upande wa pili wa mlango, na zikakaa hapo muda mrefu kiasi kwamba niliwaza kushuka. Kisha akafungua. Alinitazama, hakunikaribisha kwa neno. Akasogea pembeni, nikapita.